Kitovu

Mwalimu Asaa alikuja Jumatatu baada ya adhuhuri,
gari lake la fedha limepauka mgongoni.
"Mize," akasema, "usukani unanitetemekea.
Nikishuka Kinyasini nikikanyaga breki
mikono yangu inakuwa ya mtahiniwa.
Na pedali inanirudisha mguu, tu, tu, tu,
kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja."

Chake walishamwambia: diski zimepinda.
Wakamwandikia bei nyuma ya pakiti ya sigara,
diski mbili mpya, zije na boti kutoka Unguja.
Na fedha aliyonayo, alisema, ni ya paa.

Nilimpa kiti kisicho mgongo. Sikusema kitu.
"Kupinda" huku Wete ni neno la kila siku:
mtoto kafeli, kapinda; shemegi kahama, kapinda.
Chuma hakipindi kwa kusemwa.

Nikaliendesha mwenyewe hadi Limbani.
Spidi sitini. Nikagusa pedali,
ukaja.
Mtetemo wa tairi hauna adabu, huja hujagusa kitu;
huu ulingoja mguu wangu.
Nikiinua, unanyamaza. Nikikanyaga, unasema.
Tena unasemea mikononi; ungekuwa wa nyuma
ningeusikia kitini.

Jeki. Na gogo la mfenesi chini ya chesisi,
maana jeki yangu siiamini.
Nati nne zilifunguka kiungwana, ya tano ikalia:
kijana wa pancha, na lile bomba lake refu,
aliikaza kwa uzito wa mwili mzima.
Tairi pembeni. Sahani ikanitazama,
buluu kidogo ukingoni, uso laini.
Nikaipima unene pahala panane. Sawa, pote sawa.

Nina saa ya kupimia ya marehemu mjomba Sharboki,
mshale wake mwembamba kama unywele wa kichanga.
Ncha ikagusa chuma, nikazungusha kwa mkono, pole pole:
sifuri, mbili, tano,
tisa.
Kisha ikashuka, ikarudi sifuri.

"Hiyo tisa ni nyingi?"
Unene wa karatasi moja ya mtihani, nikamwambia.
Akacheka kidogo. Anajua karatasi moja inavyoweza kumfanya mtu.

Fundi mwenye haraka angeandika hukumu hapo hapo.
Mimi nilitia chaki penye tisa,
nikafungua kalipa, nikaitundika kwa waya
isining'inie kwa mpira wake,
nikaivuta sahani. Iligoma.
Nikaigonga kwa nyundo ya mbao, huku, huku, tena huku,
ikatoka na unga mwekundu.
Nyuma yake, kitovuni, upande ule ule wa chaki,
kutu imejikalia, gamba jembamba kuliko ukucha.

Sahani nzima. Ilikuwa imekalia uongo tu.

Brashi ya waya, kisha msasa, nusu saa.
Mwalimu alinishikia tochi.
Akasema cha kwake kitovu kilizikwa Kojani, nyuma ya nyumba,
na nyumba ile sasa wamo watu wengine.
Sikumjibu; nilikuwa na kipande cha msasa mdomoni.
Lakini tochi ilicheza, nami nikangoja
mpaka ilipotulia.

Nikairudisha. Nikazungusha:
sifuri, moja, mbili, moja, sifuri.
Upande wa pili haukuwa na neno, ila niliusugua pia.
Nati nikazikaza kwa mkono, hii, kisha ya mbali,
kisha ya mbali na hiyo,
kila moja ikimsubiri mwenzake.

Tukarudi Kinyasini, yeye usukanini.
Kanyaga taratibu. Achia. Kanyaga.
Harufu ya pedi ikapanda, ikapotea.
Usukani kimya, na bado vidole vyake vimeukaba;
vilichukua mteremko mzima kuamini.

Chini kabisa akauliza bei.
Elfu ishirini, nikasema. Na usimwagie maji magurudumu yakiwa moto.
"Na zile za diski?"
Kaezeke.