Kopo la Vyuma

Ya kwanza nilipewa na Mnorwei, kambi ya Shira,
mvua ya mawe ikipiga hema kama mtu anayepeta choroko.
Askari mstaafu, magoti yamemgomea.
Nilimkanda kwa maji moto na chumvi ya jikoni,
asubuhi akaing'oa kwenye kofia yake: simba kashika shoka.
Nilicheka. Simba na shoka wapi na wapi?
Akanikunja vidole juu yake, kimoja kimoja,
akashuka mlima na kofia yenye matundu mawili.

Ndivyo ugonjwa ulivyoniingia.
Miaka kumi na tisa nawapikia watu uji juu ya mawingu,
na kopo la biskuti sasa halifungi.
Mna tai wa Mpolandi, taji kichwani utadhani bibi harusi;
mna bomu la Mfaransa, linawaka ndimi saba;
mna visu viwili vya Mnepali,
vimepishana kama miguu ya mtu aliyeshiba.
Mkorea alinipa nyota akainama,
nami nikainama, tukagongana vichwa.
Nyingine ni za hela. Soko la Memorial, kwa wauza mitumba,
napapasa mabega ya makoti
kama mganga anayetafuta jipu.
Koti namwachia mwenyewe. Nalipia utepe tu, jero, buku,
naye ananitazama mara mbili.

Ndeshi, mke wangu, kasema lake:
"Wenzio wanaomba viatu. Wewe unaomba vifungo."
Hajakosea. Banda la ng'ombe linavuja.

Jirani yetu Mkwizu, koplo mstaafu, mtu wa Usangi,
alikuja siku moja na uso wa upekuzi.
"Ya kwetu imo?"
"Haimo. Sheria naijua."
Akamwaga kopo lote mkekani,
akachambua taratibu, kama mchele wa sikukuu.
"Huyu alipigana wapi?"
"Sijui. Mimi nilimwona akitapika Barafu."
Ya kwake, ya Kagera, hajawahi kunionyesha,
nami sijamuuliza.
Chai yake ilipoa.

Halafu mwezi wa sita, shemeji yangu wa Kidia
kabomoa jiko la marehemu bibi yao,
akaniletea kitu walichokuwa wakifunikia kibatari.
Kisahani cha shaba. Tundu moja juu. Masizi ya miaka.
Nilikisugua kwa majivu na ndimu mpaka kidole kikauma:
hamna simba, hamna taji,
namba tu.
Tarakimu tano, ya nne imelala ubavu.

Mwalimu Kessy akakishika kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii si nishani. Walivikwa wapagazi shingoni,
vita ya Mjerumani na Mwingereza,
ili mtu akifia njiani, karani ajue namba ya kukata."

Shemeji akamuuliza shangazi yake.
Shangazi akasema yupo mmoja alikwenda na mizigo, hakurudi.
Mbona kisahani kilirudi? Kililetwa na nani?
Aliyejua ndiye mwenye jiko.

Koponi sikukitia.
Kingekaa chini kabisa, kikiwabeba wale.

Safari iliyofuata, lango la Machame, foleni ya mizani,
vijana wananong'ona nani kaficha jiwe kwenye furushi la nani,
nilikitoa mfukoni
nikakiweka juu ya gunia langu la viazi.
Mshale haukusogea hata unywele.
"Ishirini kamili," akaandika askari wa hifadhi,
bila kuinua macho. "Pita. Anayefuata."