Kibaba cha Tangi la Tatu

Saa kumi na mbili na nusu, Ruai, baridi ya Julai
imening'inia kwenye mabati kama nguo isiyokauka.
Napima chakula kwa mizani ya duka,
ile ile iliyopima sukari kwa Mama Kerubo
kabla hajafunga kibanda.

Tangi la kwanza: asilimia moja ya uzito wa samaki.
La pili: mbili na nusu.
La tatu: tano. Amri ya Bwana Kariithi,
anayeamini kambare ni gunia,
ukilijaza linasimama.
"Usiwapunje," aliniambia. "Njaa haijawahi kumnenepesha mtu."
Nikanyamaza. Mshahara wa Mei ulikuwa haujaingia.

Wiki mbili tangi la tatu liliongoza,
maji yakichemka midomo, sharubu juu ya sharubu.
Ya tatu, chembe zikaanza kubaki.
Zikavimba, zikazama, zikachacha,
maji yakawa rangi ya chai iliyosahauliwa.
Usiku stima ikapotea, chujio likalala,
na asubuhi nikahesabu matumbo meupe arobaini na moja.
Si hewa waliyokosa,
kambare hupanda juu akavuta yake.
Ni mkojo wao wenyewe uliowageukia.
Wamekufa wameshiba.

Tangi la kwanza nako,
vichwa vipana, miili kama mikia ya panya.
Mmoja nilimkuta ametulia pembeni,
mkia wa nduguye ukimtoka kinywani.

Tangi la pili halina hadithi.

Jumanne ni kliniki.
Muuguzi anamtundika Mutuma kwenye mizani ya kamba,
miguu inapiga hewa, anachora nukta kwenye kadi.
Nukta iko chini ya mstari.
"Huyu anakula nini?"
Nalijua swali hilo,
ndilo ninaloyauliza maji kila alfajiri.
Nikasema uji.
Sikusema mara ngapi.

Haba na haba, walituimbisha shuleni, hujaza kibaba.
Hawakutuambia nani anashika kibaba.
Gunia la chakula lina omena iliyosagwa,
nikirudi nyumbani mtoto ananusa viganja vyangu
na kucheka.

Basi tangu siku ile,
kwenye daftari naandika tano,
mkononi napima mbili na nusu.
Kinachobaki nakirudisha ndani ya gunia, nalifunga kwa kamba,
fundo mbili, nisije nikajijaribu.

Maji yakang'aa. Samaki wakarefuka.
Mwisho wa mwezi Bwana Kariithi akaja na viatu vyake safi,
akamwinua mmoja kwa wavu, kilo na robo,
akipigapiga mkia kama mtu anayedai chake.
"Umeona?" akaniambia. "Tano."

Nikasema nimeona.
Nikafuta magamba ambayo kambare hana,
mazoea tu ya mkono,
nikamuuliza habari ya Mei.