Kumenya

Haikaeli anamenya ndizi za mtori,
vidole vimeshika utomvu.
Wiki ya tatu ndani. Dirisha la jikoni, hapa Majengo,
limezibwa kwa khanga:
jua lisikuguse, daktari alisema, hata kwa bahati mbaya.

Alisema mengi kabla ya kupaka.
Dawa hii huzama.
Moyo tutausikiliza kwa mashine, maana huweza kuruka pigo.
Mashimo ya chunusi yatapungua, mengi.
Rangi yako? Hapo siwezi kuapa.

Akatia sahihi.
Miaka kumi na mitano ya kupigwa picha kwa ubavu
ndiyo iliyoshika kalamu.

Shavu la kushoto sasa ni laini, la darasa la sita.
Chini ya taya pamebaki kidoa cheupe,
upana wa sarafu,
kimekaa kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima.

“Mama, inauma?”
“Iliunguza, Ndeshi. Siku hizi inawasha tu.”

Maganda yamejaa beseni.
Ndizi haikuulizwa, anawaza;
mimi niliulizwa, mara mbili.

Hodi mlangoni. Sauti ya Mama Aisia.
Anafuta mikono, utomvu hautoki.
Anasimama,
hajui atangulize shavu lipi.