Swali la Saba

Fomu ya mkopo iliuliza elimu ya mzazi.
Mbodze akang'ata kalamu.
Mamake yuko Maweni, hugonga kokoto;
shule aijua kwa paa lake.
"Liruke," nikamwambia, mimi mwalimu wake.

Mwaka wa pili akapiga simu usiku:
"Huku kila mtu ana wa kumuuliza.
Mlango wa bursari nimeupita mara nne,
sijabisha. Narudi Malindi."

Asubuhi nikampelekea mamake simu.
"Umekula?"
Kimya.
Akaiweka juu ya jiwe, ikiwa wazi,
akashika nyundo.
Mbodze akasikiliza ko, ko, ko,
mpaka salio langu likaisha.

Siku hiyo akabisha.

Fomu ya mwaka wa tatu nimeiona jana.
Swali la saba, kwa herufi kubwa:
KOKOTO.