Kengele ya Mwamuzi Shekiondo

Kombe halikuwapo. Hilo lisemwe kwanza,
maana wapo wanaosimulia fedha na mikono miwili.
Palikuwa na uwanja wa mchanga nyuma ya Chumbageni,
magoli ya nguzo za simu, na mwamuzi Shekiondo
aliyekuja na Foniksi yake kutoka Makorora,
suruali kaibana kwa kibanio cha nguo.
Sabini na nne. Chaki kwa Katani:
sisi wa Ualimu, vidole vyeupe;
wao wa Chuo cha Mkonge, viganja kama msasa.
(Mimi nilifika baadaye, lakini sisi ni sisi.)
"Mnagombea nini?" akauliza. Wakatazamana.
Akalegeza skrubu, akang'oa kengele ya baiskeli,
akaiweka juu ya tofali.
"Atakayeshinda, aipige."

Tukashinda moja bila. Tukaipiga bwenini
hadi mlezi akazima taa,
tukaipiga gizani.

Mwaka uliofuata wakaja juu ya trela la mkonge,
wakatufunga tatu, wakaondoka nayo
wakiipiga njia nzima hadi Pongwe,
na watu wa Barabara ya Kumi na Mbili wakapisha
wakidhani zinapita baiskeli mia.

Fundi Mgaza akaipigilia kwenye ubao wa mvule,
kila mwaka akauchonga kwa ncha ya msumari.
Ubao una pengo: sabini na nane, sabini na tisa.
Semboja, kipa wetu, alikwenda Kagera,
glavu zake zikabaki zinaning'inia mlangoni.
Tulipocheza tena, na mwingine kasimama langoni,
Katani hawakupiga shuti dakika nzima.
Walisimama tu, mpira chini ya unyayo.
Kisha wakatufunga mbili.
Heshima ni dakika moja.

Themanini na tatu dukani hapakuwa na sabuni, sembuse mpira.
Wakausokota wenyewe kwa nyuzi za mkonge,
mzito kama fenesi.
Mimi, beki wa kushoto, niliupiga kichwa mara moja tu.
Kovu hili hapa, liguse.

Themanini na nane sitaki kuizungumzia.
Mpira haukuvuka mstari. Mstari wenyewe ulikuwa majivu,
na kuku wa Mwanakombo walishaupekua tangu asubuhi.
Shekiondo, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi,
akapuliza filimbi akaonyesha kati.
Nimemsamehe hata aliyeniibia mshahara.
Shekiondo, bado.

Kisha nailoni ikaingia, bei ya mkonge ikaanguka,
chuo chao kikalika kama kipande cha sabuni:
wanafunzi arobaini, ishirini, kumi na mmoja pamoja na mpishi.
Hao kumi na mmoja walikuja mara ya mwisho,
mpishi akiwa winga wa kulia.
Tuliwacheka walipovua mashati.
Tukafungwa mbili kwa moja. Mpishi alifunga zote.

Wakaondoka nayo. Mwezi wa pili kufuli likatiwa langoni mwao,
na hakuna aliyewahi kuandika kwenye kanuni
(kanuni zenyewe hazikuandikwa)
iwapo timu iliyokufa yaweza kubaki bingwa.

Miaka thelathini. Kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba
nanyonga baiskeli hadi Pongwe, kwa nahodha wao, Kilua,
kuidai.
Mwaka huu nilimkuta mkewe peke yake.
Kilua tulimzika Mei; jeneza nililibeba
upande wa kushoto.
Ubao uko dirishani mwa jiko. Aliipiga kengele mara mbili
kuwaita wajukuu wale,
nami nikasimama wima kama mtu aliyefungwa goli.
"Hiyo ni yetu," nikasema, nusu mzaha.
Akaendelea kupakua wali, hakunitazama.
"Alisema utakuja. Alisema nikwambie: leteni timu."

Nikala. Nilipokuwa nikinawa niliusoma ubao tena.
Chini ya mwaka wa mwisho pana nafasi ya mwaka mmoja,
labda miwili,
mchongaji akibana mwandiko.