Umeme

Baba alikuwa na maneno yake.
Sisi tukisema stima zimepotea,
yeye: umeme umekatika.
Leso za mama kwake zilikuwa khanga,
champali zake, ndala,
na sturungi, hata iwe nyeusi kama oili ya gereji,
aliiita chai ya rangi.
Rangi gani, Baba?
Tulicheka mpaka vikombe vikagongana.
Mikindani nzima ilijua: fundi Mhina wa Kipevu
ana mikono ya dhahabu na ulimi wa kuazima.

Hakutusahihisha. Alimeza tonge, akasema, "Haya."

Arobaini yake ilipopita, mama alifungua sanduku la spana.
Chini ya vipande vya bomba, karatasi ya daftari:
namba ya simu iliyopungua tarakimu,
na jina. Mwantumu. Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
"Dada yake," mama akasema,
kama mtu anayetaja deni.
Waligombania nini, hakuambiwa.
Shamba, labda. Au yeye mwenyewe.

Jumamosi, Swaleh akaazima Probox ya muuza kuku,
manyoya mawili bado kwenye dashibodi.
Mama alipakata mkate wa sinia njia nzima,
na chupa ya achari katikati ya miguu,
asije mtu akasema Mombasa hatuna adabu.
Tukapita Dongo Kundu, hatukugusa feri.
Ukunda. Msambweni. Ramisi na miwa yake.
Mama haulizi tumefika wapi,
anahesabu madaraja kwa tasbihi.

Horohoro, afisa akainua kichwa.
"Mnakwenda kufanya nini?"
"Kumwona wifi yangu."
"Mmeonana lini mara ya mwisho?"
Mama akatazama feni, ikazunguka, ikazunguka.
"Bado," akasema.
Afisa akagonga muhuri polepole,
kama mtu anayefunga mlango usiku
asiamshe mtoto.

Ngamiani tulimuuliza fundi baiskeli,
naye akamuuliza muuza mihogo,
muuza mihogo akapaza sauti dirishani.
Akatoka mwanamke mwenye pua ya baba.
Alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama Swaleh,
halafu akaitazama Probox,
kana kwamba kuna mmoja bado hajashuka.

Swaleh ndiye aliyemwambia.

Alikaa barazani, mikono juu ya magoti.
Pikipiki ikapita. Nyingine.
Kisha akasimama, akajifunga vizuri:
"Vueni ndala, mwingie.
Nawapikia chai ya rangi."

Swaleh akanitazama. Sikuthubutu kumtazama.

Ndani, redio ikanyamaza ghafla,
na mtoto wa miaka sita akalalamika
kwa maneno ya mtu tuliyemzika:
"Umeme umekatika tena!"
Jirani akajibu kutoka uani, vilevile.
Basi mtaa mzima unazungumza Kibaba,
kutoka duka la mafuta ya taa hadi msikitini,
na sisi, miaka yote ile,
tulidhani anakosea peke yake.

Jumapili usiku tulirudi Mikindani.
Mama alikuwa bafuni, maji yanamwagika,
taa zikazima mtaa mzima.
"Umeme umekatika!" akaita kutoka gizani.

Hakuna aliyecheka.
Swaleh alikuwa anapapasa meza akitafuta kibiriti.
Nikajibu, kwa kuwa ilibidi mtu ajibu,
"Haya."