Siku Tisini

Barua ilikuwa na aya nne na muhuri mmoja.
Niliiandika mwenyewe Jumatatu, ghorofa ya tano,
Riga ikiwa na theluji ya siku tatu madirishani
na tramu ikigonga kengele kule chini
kama mtu anayedai chenji yake.

Sheria hainipi nyundo. Inanipa neno,
kusimamisha,
na neno lenyewe lina miguu miwili:
mmoja wa kuzuia, mmoja wa kuinua wima.
Leseni yako sijaifuta, Bwana Gunvaldis. Nakuambia simama,
tuone kama unasimama.

Maana miaka sita kampuni yako ilikimbia,
na mbio zilipendeza: ofisi ya vioo, kahawa ya bure,
tangazo la mtoto anayecheka kwenye vituo vyote vya basi.
Nilipoomba daftari la akaunti za wateja
mlileta la mwaka juzi.
Nilipoomba tena mkaleta keki.
Mara ya tatu akaja wakili, kijana, kanyoa vizuri,
akasema fedha zipo, ila ziko njiani.
Fedha za watu haziko njiani, kijana.
Ziko pale pale walipoziweka,
au haziko.

Usiku wa Jumapili nilijumlisha,
nikajumlisha tena kwa kalamu ya risasi.
Pengo: yuro milioni moja na laki nne.
Halina sura, halitoi jasho,
lakini miaka yote sita lilikuwa na kiti mezani kwenu.

Saa tatu na nusu barua ikatoka.
Saa tano, chini mapokezi, akafika Austra Vītola,
mstaafu, zamani dereva wa kreni bandarini,
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Elfu tatu na mia mbili," alisema. "Za meno na za jeneza.
Umemfungia yeye, au umenifungia mimi?"

Jibu nilikuwa nalo. Liko ukurasa wa pili:
hatua ya muda, kwa maslahi ya wateja, siku tisini.
Nikalisoma. Likasikika kama kadi ya rambirambi
iliyonunuliwa dukani, jina halijajazwa.
Mwizi akikamatwa na kuku,
kuku naye hulala kituoni.

"Keti, mama," nikasema, nikamvutia kiti.
Hakuketi.
Akatazama muhuri, akatazama mkono wangu,
doa la wino wa buluu kwenye kidole cha shahada.
Akasema kungoja anakujua. Mwaka fulani
walingoja meli siku kumi na moja, imekwama kwenye barafu,
na ilipofika nusu ya shehena ilikuwa imeoza,
nusu wakaila.

Kisha akavaa glavu, moja, akasita na ya pili,
akauliza kama tunafungua
siku ya tisini ikiangukia Jumapili.

Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani.
Inaangukia Jumapili.